Rangi Halali kwa Waliovuka Sitini

Wananchi wote wa Bukavu walitangaziwa kwa furaha kubwa kwamba hatimaye uzee umepangiwa utaratibu. Kuanzia siku hiyo, Idara ya Utulivu wa Umri ilimruhusu kila aliyevuka miaka sitini kuvaa kahawia, kijivu, au buluu iliyopauka. Kucheka kuliruhusiwa pia, mradi mtu awe ameketi. Nguo yoyote ya kuchangamka ingechukuliwa na kuhifadhiwa stoo hadi siku ya mazishi ya mwenyewe, atakapoweza kuivaa bila kumsumbua mtu.

Mkuu wa Idara, Papa Fabien, aliiandika sheria hiyo kwa mkono wake na kuipenda kama mtu anavyompenda kitindamimba. Hasa alikipenda Kifungu cha Nne. Wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa, basi kifungu kilisema: asiye na cheti atapewa umri wa yeyote aliyesoma naye darasa moja, mradi umri wa huyo mwenzake unajulikana na Serikali. Hapo hakuna ambaye angeponyoka.

Jumatatu akaletwa mkosaji wa kwanza kutoka mtaa wa Kasha, Maman Consolate, mkunga mstaafu. Alivaa suruali ya njano, blauzi yenye kasuku, na miwani myekundu, akaingia akipiga mluzi. Papa Fabien aliona aibu kwa niaba yake. Tena, tuseme kweli, aliona wivu kidogo, maana alikuwa na suti saba za kijivu na hakuna hata moja iliyowahi kumfanya apige mluzi.

“Maman, hii mambo gani? Mutu mukubwa kama weye, na kasuku kwa kifua?”

“Papa Shefu, nilivaaka nyeupe miaka arobaini juu ya kazi. Kisha bwana akakufa, nikavaa nyeusi. Hii ya kasuku njo nguo ya kwanza nilichagua miye mwenyewe. Mukinyanganya hii, nitabakia na nini?”

Akawafunika kasuku kwa mikono yote miwili.

“Siku ya kufa kwako tutairudisha,” Papa Fabien alimfariji. “Na mhuri juu yake.”

Sagesse, karani wake, akachukua kalamu. “Maman, uko na cheti ya kuzaliwa?”

“Apana. Lakini niko na mwenye tulisomaka naye.”

Akatoa mkobani picha ya darasa la sita, watoto arobaini na mmoja wenye jua machoni, na kuweka kidole juu ya kijana mwenye masikio mapana. Papa Fabien hakumtambua. Alijitahidi sana kutomtambua.

“Patron, hii masikio ni yako,” alisema Sagesse, mtumishi mwaminifu ambaye kwa sababu hiyo hajawahi kupandishwa cheo.

Hapo pakazuka ugumu wa kiutawala. Papa Fabien alikuwa na miaka sitini na nane, sawa na Maman Consolate. Dosie yake, yaani jalada lake la kazi, ilisema hamsini na tatu. Watumishi wengi hupunguza miaka kidogo ili kustaafu kusiwafikie mapema. Yeye aliipunguza mara tatu, kila mara kwa mhuri halali. Akikiri sitini na nane, angefungasha vitu vyake jioni hiyo hiyo.

“Serikali inajua uko na miaka ngapi, Papa Shefu?” aliuliza Maman, kwa ule upole ambao wakunga huutumia kumwambia mtu asukume.

“Hamsini na tatu.”

“Kumbe na miye!”

Nyuma ya picha paliandikwa mwaka ambao, kwa mujibu wa dosie, Papa Fabien alikuwa bado hajazaliwa. Sagesse akaandika kwamba mkuu alianza masomo mapema. Maman Consolate akaondoka na cheti cha miaka hamsini na tatu na kasuku wake wote.

Kufikia Ijumaa, wote waliobaki hai wa darasa lile walikuwa mlangoni, wengine kwa fimbo, wakidai hamsini na tatu yao. Na kwa kuwa wengi walirudia darasa, kila mmoja alikuwa na wenzake wa darasa jingine. Ujana ukasambaa mitaa yote ya Bagira, ukafika hadi kijiji cha Miti. Muzee Aloys wa huko, ambaye haoni vizuri, alinunua bereti ya waridi kwa kuelezwa tu rangi yake.

Baada ya miezi mitatu daftari la wazee lilikuwa tupu. Mkurugenzi aliyekuwa juu yake, Madamu Adèle, akamwita Papa Fabien ampongeze.

“Wazee wote umewamaliza. Kazi muzuri sana! Basi Idara tunaifunga.”

“Na miye, Madamu?”

“Weye uko kijana bado. Utaenda na timu ya kuhesabu nyumba kwa milima. Motokari hakuna, ni kwa miguu. Miaka kumi na mbili tu, kisha unastaafu.”

Papa Fabien alishikwa na hofu. Magoti yake yalikuwa yakiuma kwa kupanda ngazi za ofisi hiyo tu. Akafungua mdomo aseme ukweli, kisha akaikumbuka ile mihuri mitatu, na saini yake chini ya kila mmoja.

Mkurugenzi akavua miwani. “Kuna shida? Ao ile miaka ulitudanganya?”

“Apana, Madamu.”

“Basi ruka kidogo, tuone.”

Papa Fabien akaruka.

“Juu zaidi,” alisema Madamu Adèle.