Ombi la Kupandwa Karibu na Mti wa Mwenyekiti

Kwa Wadhamini wa Mfuko wa Pensheni,
Nairobi.

Waheshimiwa Wadhamini,

KUH: OMBI LA KUPANDWA

Natumaini barua hii itawafikia mkiwa wazima na mkiwa na kitu cha kunywa. Mimi ni Javan Odera, mpakia mbao katika kiwanda ambacho nusu yake ni yenu, hapa Eldoret, upande wa barabara ya Turbo. Nyumbani ni Ugunja. Shule niliiachia darasa la saba, kwa hivyo nikikosea mahali mnisamehe.

Mwaka jana mlikuja kukagua kama kampuni inajali watu na mazingira. Mwenyekiti wenu, Mama Njambi, akapanda mti karibu na geti. Kabla ya kuingia garini alimwuliza meneja wetu, Bwana Irungu, swali moja tu: kiangazi mti huu utapata maji wapi? Kesho yake tangi likaletwa. Sisi tulikuwa tumeuliza swali hilo hilo kuhusu sisi wenyewe, bila jibu. Ndipo nikajua nguvu ya mwenye hisa. Ninyi mkikohoa, Bwana Irungu hushika kifua chake. Mimi nikikohoa, naambiwa nikohoe mbali na mbao.

Malalamiko yangu dhidi ya mti huo ni haya:

1. Unapewa mitungi miwili ya maji kila siku, hata siku ya mvua. Mfereji wetu wa kunywa ulikauka mwaka juzi, na sisi ndio tunaomeza vumbi la msumeno. Tena mimi ndiye niliyechaguliwa kuubebea maji, nikipita mbele ya wenzangu kama mhudumu katika arusi ambayo hawakualikwa.

2. Una uzio na kibao cha jina. Mimi nimefanya kazi hapa miaka sita, na msimamizi wetu Kigen bado ananiita "wewe wa Kisumu". Ugunja si Kisumu.

3. Kila Ijumaa unapigwa picha mtumiwe, muone afya yake. Afya yangu huulizwa na mke wangu Seline peke yake, na yeye hana hisa.

4. Majani yalipogeuka manjano, mtaalamu aliletwa kutoka Kaptagat. Akasema mti umechoka, uwekewe kivuli. Nilipomwambia Kigen kwamba hata mimi nimechoka, alinitazama kutoka kichwani hadi kwenye viatu, akasema, "Javan, kwani wewe una mizizi?"

Nimelifikiria swali hilo wiki tatu. Sina, lakini naweza kupata. Kwa hivyo mkija mwezi ujao naomba mnipande. Shimo la kufika magotini litatosha. Kusimama si shida, nasimama kwa muda wa saa kumi kila siku. Kibao kiandikwe jina la Mama Njambi, sina wivu. Kisha, kabla ya kuingia garini, aulize lile swali lake.

Mkiona kunipanda ni kazi kubwa, basi aliulize akiwa amesimama kando ya mfereji wetu.

Msalimieni dereva wenu, yule aliyekataa soda. Mama Nabalayo, anayefagia chini ya msumeno, anawasalimu nyote, na mti pia anausalimu.

Wenu mwenye kiu na heshima,
Javan Odera

Nyongeza: Nilimsomea Seline barua hii kwa simu, akasema mtu aliyebatizwa hatumi barua nusu. Mti wenu ulikufa Januari. Maji yake tumekuwa tukiyanywa sisi, watu ishirini na wawili, nyuma ya stoo, tangu siku ya pili ya kupandwa kwake. Mnachokiona kwenye picha ni tawi la saiprasi ambalo mimi na Mama Nabalayo hulikata na kulichomeka kila Alhamisi. Tafadhali msimwambie Bwana Irungu, ataondoa tangi. Na mkija, sahauni kunipanda mimi. Pandeni mti mwingine, maana mitungi miwili haitutoshi.