Sufuria za Saba Saba

Jumatano, 4 Julai 1973
Nimechaguliwa mwenyekiti wa chakula cha Saba Saba hapa Kanyenye. Shaban, fundi cherehani, alikitaka cheo hicho. Amekikosa! Ametangaza mbele ya watu kwamba chakula cha mgeni rasmi kikichelewa, kamati itakuwa yake. Nimekubali. Mwalimu mstaafu amwogope mshona viraka?

Alhamisi, 5 Julai
Mwanangu Hilari, aliyesomea kompyuta ng'ambo, yuko likizoni. Hutunga programu ya kutafsiri maagizo ya watu yawe maagizo ya mashine. Asema mashine ina visanduku vichache vya kushikia namba zinazofanyiwa kazi. Vikijaa, nyingine hupelekwa ghalani na kurudishwa, na muda hupotea. Kwa hiyo programu hubana: namba ikimaliza kazi, nyingine huingia palepale. Nikamkatiza. Visanduku ni sufuria! Akaniomba nisubiri, hajamaliza. Sijawahi kumsubiri mwanafunzi.

Ijumaa, 6 Julai
Majaribio. Meko mengi, sufuria tatu tu. Kujitegemea! Mwanahawa, mkuu wa wapishi, alinipa shikamoo, kisha akauliza kama mwalimu anawapikia wanasesere. Nyama ilingoja maharage yapakuliwe. Chai ilingoja nyama. Moto ukawaka bure, wapishi wakasukana nywele. Shaban alipita akauliza msiba ni wa nani.
Hilari ameendelea kunieleza kuanzia pale nilipomkatiza. Mashine za sasa hufanya kazi kadhaa kwa pamoja. Kazi zisizohusiana zikilazimishwa kupokezana kisanduku kimoja, hupanga foleni bila sababu. Lakini kila kazi ikipewa kisanduku chake na visanduku visipotosha, ni ghalani tena. Lazima yapimwe yote mawili pamoja. Nimeshika la kwanza. Sufuria ziongezwe!

Jumamosi, 7 Julai
Kila chakula na sufuria yake. Kubwa kabisa nimeiazima kwa shemeji yangu Apolinaria. Meko yote kazini! Nilipita mbele ya Shaban mara kadhaa, bila haja.
Kisha Mwanahawa akainusa sufuria ya pilau. Ndiyo ile ya Apolinaria, naye huitumia kupikia pombe. Nilijua, lakini niliisugua kwa majivu! Wapishi, Waislamu wote, wakaweka miiko chini. Mwanahawa akasema mgeni rasmi hakuja kuleweshwa na mchele. Pilau ikaanza upya katika sufuria ya maharage, maharage yakamwagwa ndooni, ndoo ikapelekwa stoo, ikasahauliwa, ikafuatwa. Mgeni rasmi alihutubia, akamaliza, akahutubia tena. Ameondoka na ndizi tu.
Kamati ni ya Shaban. Hilari asema hata mashine ina visanduku ambamo namba za aina fulani haziingii. Angesema mapema!

Jumapili, 8 Julai
Sijutii chochote. Kosa ni la pua ya Mwanahawa. Baada ya Misa nimejitolea kusimamia chakula cha kipaimara. Wamekubali kabla habari za jana hazijawafikia. Safari hii sufuria moja tu, kubwa kuliko zote. Hilari amefungua kinywa. Nimemwambia nimeelewa.