Mgeni Aitwaye Ciza, Umri Wiki Sita

Jumatatu, 8 Januari 1979

Sijalala. Naandika haya jicho moja limefumba.

Jana jioni Mama Restituta alinikabidhi kitoto cha paka. Cheusi, miguu ya mbele myeupe. Akasema nikilee mpaka Jumapili, kisha atakuja kukitazama. Akiridhika, tutazungumza habari za binti yake Jovina. Asiporidhika, nisimletee posa wala mshenga. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Kwa ajili ya Jovina, mimi Ildefonce fundi baiskeli ningelea hata mamba.

Ila hakuniambia kwamba kinalia. Kinalia! Tangu saa tatu usiku mpaka jogoo, kilio cha mtu aliyefiwa. Zamani tulipokaa kila mtu kwenye migomba yake, kingelia mpaka kichoke, nani angesikia? Sasa tuko kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari, ukipiga chafya jirani anakuombea afya. Kushoto kwangu yuko balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Kazimili. Kulia yuko Privatus, kamanda wa mgambo, ambaye naye anamtaka Jovina. Viatu vyake vinang'aa. Simpendi.

Mkakati wa leo: pamba masikioni. Rahisi kabisa.

Jumanne, 9 Januari

Pamba imefanya kazi. Imefanya kazi kupita kiasi! Sikusikia paka, sikusikia jogoo, sikusikia hata ile rimu ya lori inayogongwa kutuita shamba la ujamaa. Nilifika jua limeshapanda, wenzangu wamepalilia mistari sita ya mahindi. Daftari la mahudhurio alikuwa nalo Privatus, nani mwingine? Akaniuliza mbele za watu kama nilikuwa nimekwenda vitani. Wakacheka. Hata bibi Limi alicheka, na yule bibi hacheki ovyo. Nikaongezewa mistari miwili.

Jioni nilikwenda kisomo cha watu wazima. Hapa kuna siri, na siri lazima ikae mahali, basi ikae humu. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba. Mwandiko wangu padre mmoja aliwahi kuuonyesha kwa wageni. Lakini Jovina anafundisha Hatua ya Kwanza, wale wasiojua herufi. Kwa hiyo ni mwezi wa tano huu sijui herufi. Ananishika mkono kuniongoza nichore "k", nami naichora vibaya ili anishike tena. Leo nilisinzia kwenye "ba be bi", kichwa kikaangukia bega la mzee wa watu. Jovina akaniambia niende nikapumzike. Ananijali!

Mkakati wa leo: karai.

Jumatano, 10 Januari

Karai ni kosa kubwa. Nilikifunika kipaka na karai la kuogea, nikaweka jiwe ukingoni kipate hewa. Sauti ikatoka mara tatu ya ile ya mwanzo.

Saa sita usiku mlango ukagongwa. Privatus, yuko doria. Tangu vita vianze anapita kila usiku kuangalia nani kawasha taa na nani kaingia kijijini. Akasema amesikia mtoto analia kwangu. Nikasema hakuna mtoto. Akauliza basi ni nini. Ningesema ni paka, mambo yangeishia pale. Lakini huyu si angekwenda asubuhi kumwambia Mama Restituta kwamba kipaka chake kinateswa? Jumapili yangu ingekufa hapo hapo. Nikasema ni mgeni.

Ulimi huu! Akauliza mgeni gani, mbona hayumo kwenye kitabu cha balozi? Kila mgeni aandikishwe, ndiyo amri ya wakati huu. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba kesho asubuhi atakuwemo.

Alhamisi, 11 Januari

Yumo.

Jana asubuhi nilimkuta mzee Kazimili anakamua ng'ombe. Shikamoo, marahaba. Akasema mikono ina maziwa, kitabu kiko juu ya kigoda, nimtafute mtu wa kuniandikia. Nikaona nisisumbue watu. Nikaandika mwenyewe. Jina la mgeni: Ciza. Umri: wiki sita. Anakotoka: Biharamulo. Sababu ya kuja: kutembea. Atakaa: mpaka Mungu apende. Na sikudanganya! Umri ni wake wa kweli. Biharamulo ndiyo wilaya yetu, na kipaka kimezaliwa humu humu wilayani. Jina nilikipa mimi, na mwenye kulea ana haki ya kutoa jina. Herufi C niliipiga mkia mrefu. Ilipendeza sana.

Halafu bahati! Sukari imefika dukani, mara ya kwanza tangu Novemba. Nusu kilo kwa kila kaya, na robo ya ziada kwa mwenye mgeni kitabuni. Je, mgeni sinaye? Nikachukua robo yake. Nilimtilia kidogo kwenye maziwa ili alale.

Alilia vilevile, ila sasa kwa nguvu mpya.

Ijumaa, 12 Januari

Nimekwisha.

Asubuhi aliingia Mama Speciosa, mke wa balozi. Amebeba nepi mbili, unga wa uji na nusu mche wa sabuni, na mche wa sabuni siku hizi si mchezo. Mumewe alimsomea kitabu cha wageni. Amekuja kumwogesha mtoto. Nikasema amelala. Ciza akalia kule chumbani. Mama Speciosa akatega sikio, akasema hicho kifua kimebana, kipakwe samli. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, mama wa mtoto yuko wapi.

Nilikuwa nimechoka. Usiku wa tano huo. Nikaona angalau hapo niseme kweli. Nikasema mama yake yuko kwa Mama Restituta.

Sabuni ilimdondoka. Hakuiokota.

Nilielewa baada ya yeye kuondoka. Nilikimbia mpaka barabarani, nimechelewa. Kabla ya saa nne kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba mwalimu Jovina amezaa kwa siri na mimi nimemficha mtoto. Privatus alikuja kunipa mkono. Akasema anajitoa, ananitakia heri. Nakiri, kwa muda wa kuhesabu kumi hivi, nilifurahi.

Halafu nikamwona Mama Restituta anatoka kisimani peke yake. Wanawake walinyamaza alipopita. Mwanawe wa kiume wa pekee, Bonaventura, yuko vitani tangu Novemba. Watu wamemletea kila aina ya uongo: huyu kamwona Kyaka juu ya lori, yule kamwona hospitalini hana mguu. Mama wa watu analia, anachinja kuku wa shukrani, analia tena. Tangu hapo anachukia mwongo kuliko mwizi. Na leo mwongo ni mimi. Nimeona haya, kweli nimeona haya. Sikula.

Jumamosi, 13 Januari

Jovina alikuja mwenyewe, kitabu cha wageni kwapani. Hakuketi. Akasema nimlete huyo mtoto.

Nikamleta Ciza kwa mikono miwili. Akamtazama. Akafungua kitabu, akasoma mstari mzima kwa sauti, mpaka "Mungu apende". Kisha akaniwekea kidole kwenye ile C yenye mkia.

"Huu mwandiko ni wa nani?"

Miezi mitano ya "ba be bi" ikaniangukia. Nikasema ni wangu.

Akaniambia watu wanamtazama mama yake kama mtu aliyepoteza heshima, na yote hayo kwa ajili ya paka. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Nikamweleza kila kitu: pamba, karai, mgeni, robo ya sukari, darasa la saba, "k" ninayoiharibu makusudi. Ilichukua muda. Nilipofika kwenye karai nikaona mdomo wake unatetemeka, nikajua analia. Kumbe anajizuia kucheka.

Akauliza kwa nini sikwenda tu kwao kuuliza paka anataka nini. Nikasema niliogopa mama yake ataona siwezi, nitamkosa yeye. Akamchukua Ciza, akamtia ndani ya shati langu, kifuani, akafunga kifungo.

"Ametolewa kwa mama yake mapema. Anasikia baridi, hana wenzake. Ndiyo maana analia."

Ciza akanyamaza. Papo hapo! Usiku sita wa mateso, dawa yake ni shati!

Lakini Jovina hakuwa amemaliza nami. Tulikwenda mpaka mkutano wa kijiji, mimi na Ciza kifuani, nikasimama mbele ya wote nikasema mtoto ni paka, mama yake ni paka, Jovina hana kosa. Nikarudisha sukari, ile iliyobaki. Nepi nikamrudishia Mama Speciosa, unga pia. Watu walicheka mpaka bibi Limi akaomba kigoda. Privatus hakucheka, alitaka ile heri aliyonitakia nimrudishie. Mzee Kazimili akaamua: mistari kumi ya mahindi, na kwa kuwa kumbe najua kusoma, kuanzia Jumatatu nifundishe Hatua ya Pili. Chumba cha Hatua ya Pili kinapakana na cha Jovina. Adhabu gani hii? Nimeipokea kwa unyenyekevu mkubwa.

Mama Restituta alikaa nyuma. Alinitazama tu.

Jumapili, 14 Januari

Nimelala! Saa nane mfululizo, Ciza kifuani, anakoroma kama cherehani. Dunia nzuri jamani.

Na habari njema juu ya habari njema. Barua ya Bonaventura imefika jana jioni na basi. Ni mzima, miguu yote miwili, ameandika kwa mkono wake. Jovina ameniambia kanisani. Mama yake ameimba misa yote kwa sauti ya juu, hata nyimbo asizozijua. Nami nilifurahi mpaka nikafuta macho.

Kisha Jovina akanieleza jambo, polepole, kama mwalimu kwa mwanafunzi mzito. Mama yake atakuja alasiri kama alivyosema. Ameshajua yote, na jana alipenda nilivyosimama mbele za watu. Hatafuti maajabu. Anataka kuona kama ninaweza kusema kweli siku mbili mfululizo. "Akikuuliza, mjibu tu. Usipange kitu, Ildefonce. Niahidi."

Nimemwahidi. Nimeapa. Nimemwelewa kabisa.

Ila nimewaza. Mama Restituta ni mkulima, ana mahindi ndani. Ataniuliza kama Ciza anakamata panya. Nikijibu kweli, ni hapana. Atavunjika moyo, mama wa watu, siku ya furaha kama hii! Sitaki kumdanganya hata kidogo. Kwa hiyo nimekwenda kwa bibi Limi, nimeomba panya wawili kutoka kwenye mtego wake, mmoja mnene, nimewalaza mlangoni vizuri, mikia upande mmoja. Sitasema neno. Akiwaona akafikiri ni kazi ya Ciza, hayo ni mawazo yake mwenyewe.

Hodi! Ni Mama Restituta. Sauti yake naijua.

Ciza amewaona panya. Amepanda kichwani kwangu, amekamata nywele, anatetemeka na kulia. Si kitu. Nitamwambia ndivyo anavyowinda, anatafuta mahali pa juu.