Taa Iliyokataa Kwenda kwa Mzee Elisha

Jumatatu, 3 Novemba
Nimetoka kusafisha shamba la alizeti, chini ya ile njia kubwa ya umeme inayopita hapa Mungaa. Nilikuwa na taa ya tyubu iliyoungua, nimeiokota nikitaka kusukumia chapati. Jua limezama, taa ikawaka. Mkononi mwangu. Bila waya, bila betri. Nikakaa chini. Nikasali Baba Yetu, nikaisahau katikati.
Halafu nikamkumbuka Evodia.

Jumanne, 4 Novemba
Nimekwenda kwa Mzee Elisha, baba yake Evodia. Shikamoo mbili, kwa usalama. Nikamwambia nimevumbua taa isiyotaka waya. Akasema nikiiwasha sebuleni kwake Jumamosi, atapokea washenga wangu. Nikishindwa, atapokea wa Sostenes, fundi sola. Sostenes! Mtu anahitaji jua zima kuwasha balbu moja.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimejaribu nyumbani. Giza. Nimeifuta vumbi, nimeibembeleza. Giza. Nimeirudisha shambani, ikawaka palepale. Basi kosa ni la paa la bati. Nimempelekea Mzee ujumbe: onyesho limehamia shambani, kwa sababu za kitaalamu.

Jumamosi, 8 Novemba
Wamekuja: Mzee, Evodia, na Sostenes ambaye hakualikwa. Giza lilipoanza nikaisimamisha taa. Ikawaka. Mzee akavua kofia. Hata Sostenes alisogea kuitazama.
Mzee akasema vizuri, sasa twende nayo sebuleni. Hatua chache nje ya nyaya, ikafifia, ikazimika. Nikarudi, ikawaka. Nikatoka, ikazimika. Nikamsingizia ng'ombe wa jirani.
Evodia, anayefundisha fizikia sekondari, akanipokonya taa. Akaeleza kwamba ndani mna gesi, na umeme wa juu unasukuma elektroni humo mpaka zinagonga atomi. Atomi ikigongwa sana inang'oka elektroni yake, inabaki na chaji. Iliyong'oka nayo inakwenda kugonga nyingine, na mwanga unatoka humo humo kwenye kugongana. Ukitoka chini ya nyaya, elektroni na atomi zinarudiana, giza. Akasema tuondoke, pale ni hatari.
Mimi sikuondoka. Nilikuwa nawaza vitu vidogo hivyo, visivyohesabika, vinatoroka na kurudi ndani ya kioo, na uso wa Evodia umekuwa mweupe kwa mwanga wa vitu hivyo. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Nilisahau kabisa kwamba nimeshindwa.
Mzee hakusahau. Akasema hataki mkwe wa kuwaka chini ya waya wa watu. Washenga wa Sostenes waje Jumapili ya tarehe 16.

Jumapili, 9 Novemba
Nimelia kidogo baada ya misa. Kisha nikaona suluhisho. Taa haiwezi kwenda nyumbani, basi nyumba ije kwenye taa. Nina wiki nzima. Nitajenga palepale chini ya nyaya, chumba na sebule, Mzee akaribishwe ndani kwenye mwanga. Kuna bango linakataza kujenga, lakini nimelitazama: lenyewe haliwaki. Kesho nafyatua tofali.
Na nitaezeka kwa nyasi. La bati nimeshajifunza.