Simu ya Bosi Haihesabiki Kuwa Simu

Ndugu Meneja wa Kiwanda cha Mikate,

Salamu nyingi. Mimi ni baba wa dereva wako, yule mrefu anayeinama kila akiingia ofisini kwako. Nimefundisha shule hadi nikastaafu, hivyo nivumilie nikieleza taratibu.

Mwanangu ana barua mbili za onyo. Ya kwanza ni kwa kupokea simu akiendesha, siku ile gari lilipopanda kibarazani kwa kinyozi na mteja akatoka mbio, kichwa nusu kimenyolewa. Ya pili ni kwa kutopokea simu akiendesha. Mara zote mbili mpigaji ulikuwa wewe. Umesema akipata ya tatu hana kazi, naye ana mtoto mchanga. Basi nalalamika:

1. Ulibandika karibu na usukani karatasi isemayo "Ukiendesha, zima simu". Kisha ukampigia kuuliza kama ameiona.

2. Ukimuuliza aliye mwendoni "Uko wapi?", akimaliza kujibu hayupo tena hapo. Hili hata darasa la nne walinielewa.

3. Uliagiza aegeshe ndipo apokee. Vizuri. Akiegesha anachelewa, akichelewa unapiga, ukipiga anaegesha. Mikate itafika ikiwa chakula cha kuku.

4. Kwa hiyo naomba uajiri mtu wa kukaa pembeni yake apokee simu zako, na mwingine wa kupigiwa kuulizwa kama yule wa kwanza anapokea. Mikate ikikosa nafasi, ibaki kiwandani. Huko angalau utajua iko wapi.

Kama hayo ni mazito, liko jepesi: weka simu chini. Anayetaka dereva asipokee, aanze yeye kutopiga.

Wasalimie wakanda unga wote, mlinzi wa getini, na wa nyumbani kwako.

Wako kwa heshima,
Mzazi wa Dereva

N.B. Kabla ya kuituma, asubuhi hii nilimpigia mwanangu nimsomee barua hii, nisije nikamharibia kazi. Alipokea mara moja, ni mtoto mwenye adabu. Namba tatu aliniomba niirudie kwa sababu ya kelele za honi. Nilipofika namba nne akasema, "Subiri kidogo, Baba," kisha nikaanza kumsikia kinyozi. Hakuna aliyeumia. Onyo la tatu, tafadhali, liandike kwa jina langu.