Kanta ya Yassini Nimeikagua Mwenyewe

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Oliva amepata nyumba! Nyumba ya serikali, Newala, pale pale kituo cha afya anapofanya kazi. Vyumba viwili, sebule, bati jipya. Mwanangu, muuguzi. Nilipokata simu nikatoka kusimama barazani ili jirani aniulize kuna nini. Hakutokea jirani. Nikakohoa.

Kuna jambo moja dogo. Tabibu mmoja wa hapo, Godfrey, naye anaitaka nyumba hiyo hiyo. Ana mke na mtoto. Mganga mfawidhi wao, Bi Yuster, amekata maneno: nyumba ni ya Oliva, lakini vitu vyake visipokuwa ndani Jumamosi kabla jua halijazama, ufunguo anapewa Godfrey. Oliva kaniomba nimtumie godoro na sufuria kwa basi. Mengine atajinunulia taratibu.

Godoro kwa basi! Mtoto wa kwanza katika ukoo huu kuvaa sare nyeupe, aingie nyumba ya serikali na godoro limekunjwa kama chapati? Mama Felix wa kwaya alipompeleka Felix wake Newala, alipopata kazi benki, alikodi Fuso. Fuso zima. Picha zake zilikaa kwenye simu mwezi mzima, tukaziona tukitaka tusitake. Hapana. Oliva ataingia na kabati langu lililochongwa Lukuledi, milango mitatu, vioo vyote vizima. Na kitanda. Na makochi. Na tangi la maji, maana Newala maji ni ya kuwinda. Na kuku.

Baba Oliva kasema godoro linatosha. Huyo alikuwa katekista, kazoea kuridhika.

Jumanne, 9 Septemba

Wenye magari wa Masasi wameharibika. Mmoja kanitajia bei, nikamuuliza kwani nakodi au nanunua. Akasema kama nina haraka nijaribu toroli.

Jioni nikampata Yassini wa Chiungutwa. Ana Kanta ya boksi, imefungwa pande zote kama jokofu, na bei yake nusu ya wenzake. Tena ni Myao! Mimi Mmakua. Watani kabisa, tangu babu zetu. Akinitukana namtukana, akibeba kuku wangu nacheka, na siku nikifa yeye ndiye wa kulala mlangoni jeneza lisitoke mpaka apewe chochote. Mtu wa namna hiyo hawezi kukulangua.

Kaniamkia shikamoo kwa adabu zote, halafu akauliza mzigo wenyewe ni vyombo au ni mimi, kwa sababu mimi nalipiwa kwa tani.

Nimempenda.

Jumatano, 10 Septemba

Leo nimekagua gari. Wengine wanakodi macho wamefumba. Mimi ujana wangu wote nilikuwa mkaguzi wa korosho kwenye ghala la chama cha msingi. Natia mkono guniani, natikisa, nasikiliza, nachana chache, nasema daraja la kwanza au la pili, na mtu habishi. Gari na korosho tofauti yake ni ukubwa tu.

Nikamwita Mama Felix na wenzake wa kwaya waje kutazama kazi ikifanyika.

Nikagonga tairi kwa mwiko. Mlio mzito, zimejaa. Zina kipara kidogo, lakini Baba Oliva naye anacho na bado anatembea. Nikagonga boksi kila pembe. Nikanusa oili. Nikachungulia maji ya rejeta. Taa zikawaka, waipa zikacheza ingawa mvua tumeisahau. Na honi! Honi ile ni baragumu. Nikairudia tena na tena ili Mama Felix aridhike. Ndani ya boksi kuna vumbi la manjano. Yassini kasema msimu wote alikuwa akisomba salfa ya kupulizia mikorosho. Nikasema vizuri sana, hakuna mdudu atakayeligusa kabati langu.

Baba Oliva, kutoka kwenye stuli yake, akashauri gari liende mbele kidogo na nyuma kidogo, tulione. Nikamwambia mafuta hayaokotwi.

Hapo Yassini akafuta mikono yake kwa kitambaa. Akasema, "Mama Oliva, nikwambie mapema. Gari hili halina rivasi. Mbele linakwenda, nyuma halirudi."

Nikamjibu kwamba hata Wayao wenyewe hawajui kurudi nyuma, wakipotea njia wanasonga tu, ndiyo maana wametapakaa mpaka Tunduru. Wanawake wakacheka wakashikana mabega. Yassini akaweka mkono kifuani akaapa wallahi rivasi imekufa. Nikampa pole ya msiba, nikamwahidi tutahudhuria arobaini.

Hakucheka. Huyo ndiye mtani hasa, anakutania na uso mkavu.

Gari nimelipitisha. Daraja la kwanza.

Ijumaa, 12 Septemba

Mama Felix ameomba lifti! Anampelekea Felix makopa, mihogo mikavu ya nyumbani. Mwenye Fuso anaomba lifti kwangu. Nikakubali haraka kabla hajabadili mawazo. Nataka awepo nikishuka.

Oliva kapiga simu. Kasema kichochoro cha kwenda kwenye nyumba ni chembamba, kuta pande zote mbili, na nyumba iko mwisho kabisa. Magari huingia kinyumenyume, la sivyo hayatoki. Kaniomba nimwambie dereva. Nikamwambia dereva wangu mzoefu, alale usingizi.

Kuhusu kabati sijamwambia. Ni zawadi.

Jumamosi, 13 Septemba. Alasiri, ndani ya kichochoro

Nimekaa juu ya ndoo. Naandika kwa sababu kwa sasa hakuna kingine ninachoweza kufanya.

Tuliondoka Masasi kwa vigelegele. Yassini kwenye usukani, mimi katikati, Mama Felix dirishani na makopa yake mapajani. Honi nilipiga mwenyewe, kwa kila ninayemfahamu na wengi nisiowafahamu. Katika kupiga honi tukaipita njia panda. Nikamwambia Yassini arudi nyuma kidogo. Akaenda mbele, na mbele tena, mpaka tukakuta uwanja wa mpira wa shule, akakata kona humo apate pa kugeuzia.

Mechi ilikuwa inaendelea. Tulipita nyuma ya golikipa tukatokezea katikati ya uwanja. Refa akatupigia filimbi. Timu moja ikadai penalti. Mama Felix akawapungia mkono kama mgeni rasmi.

Mimi nikadhani Yassini anafanya madoido.

Mlima wa Newala Kanta iliupanda ikiguna kama Baba Oliva akiambiwa ahame kiti. Lakini ilifika. Ukaguzi wangu huo.

Mdomoni mwa kichochoro Yassini akasimama, akashauri tushushe hapo hapo. Hapo? Barabarani? Bi Yuster asilione kabati likishuka mlangoni? Nikamwambia aingie. Akasema akiingia hatoki. Nikamwambia aache utani, leo ni siku ya kazi. Akasema haya, mke wangu, akaingia.

Tumefika katikati. Mbele kuna nguzo ya umeme imesimama ndani ya njia. Pikipiki inapita. Kanta haipiti.

Nikamwambia arudi nyuma. Yassini akazima injini, akanigeukia.

"Mama Oliva, nilikwambia mbele ya mashahidi."

Nikasema nilidhani ananitania.

"Utani ni wa mdomo. Gari ni gari."

Mama Felix akasema ni kweli, aliapa kabisa, yeye alimsikia. Basi kwa nini alicheka kuliko wote?

Milango ya mbele haifunguki kwa sababu ya kuta. Tumetokea dirishani. Kutokea dirishani ukiwa umevaa kitenge cha sherehe na Mama Felix anakusukuma kwa nyuma ni jambo ambalo sitaliandika.

Jua limeshainama. Nyuma yetu imeingia pikapu. Juu yake kuna kitanda cha mtoto na meza iliyopinduliwa. Kijana mpole ametoa kichwa dirishani akaniamkia shikamoo mama, akauliza kama kuna tatizo.

Ni Godfrey.

Jumapili, 14 Septemba. Nyumbani kwa Oliva, Newala

Narudia: nyumbani kwa Oliva.

Jana Oliva alikuja mbio, bado kavaa sare. Hakuniamkia. Aliitazama Kanta, akalitazama tangi lililofungwa juu yake, akasikia kuku.

"Mama," akasema, "nilikuomba godoro."

Niliona uso wake ulivyokuwa, nikaona na ile pikapu nyuma, na kwa mara ya kwanza wiki hii nikafikiri kwamba nyumba inaweza kwenda kweli. Kwa sababu yangu.

Kisha akafungua boksi.

Safari nzima salfa ilikuwa imetikisika. Likatoka wingu. Kabati manjano, makochi manjano, godoro manjano, kuku wametoka kama vifaranga wakubwa. Kichochoro kizima kikaanza kupiga chafya. Kelele hizo zikawatoa ndugu wa wagonjwa waliokuwa wakipika nyuma ya wodi ya wazazi. Mama mmoja wa Kimakonde akamwona Oliva, akauliza huyu si ndiye aliyempokea mjukuu wangu? Akajitwisha kiti bila kungoja jibu. Mwingine akabeba godoro. Wakazunguka nalo kupitia uani kwa wodi, mstari mrefu, wakiimba na kupiga chafya, na chafya zikaingia vizuri tu kwenye wimbo.

Mwanangu huyo! Ana miezi mitatu tu hapa na watu wanambebea makochi.

Pikapu ikarudi kinyumenyume mpaka barabarani, wanaume wakajipanga kuisukuma Kanta nyuma kwa mikono. Wa kwanza kuvua shati alikuwa Godfrey. Angeweza kukaa kwenye pikapu yake akangoja jua lizame. Nikamuuliza kwa nini anasukuma. Akasema gari la mama mtu likikwama husukumwa, mengine baadaye. Akapiga chafya.

Walipoitoa, jua lilikuwa limegusa mikorosho. Bi Yuster akaja, akaingia mlangoni. Kitanda kimetandikwa. Sufuria iko motoni. Tangi limewekwa pembeni. Akapiga chafya, akamwachia Oliva ufunguo. Godfrey akampongeza kwa mkono. Bi Yuster akamwambia Godfrey nyumba nyingine inamaliziwa na itakuwa yake. Mimi nikampa Godfrey jogoo, yule wa manjano kuliko wote. Alipokea kwa mikono miwili.

Kabati halikupita mlangoni. Liko barazani. Kuku wamelala humo. Linapendeza zaidi pale, njia nzima inaliona.

Felix alimfuata mama yake kwa bodaboda, na tai yake. Bila kuulizwa akasimulia kwamba lile Fuso lake lilikuwa limekuja na saruji ya mtu, yeye aliwekwa tu juu na sanduku. Mama Felix akaanza kupangusa makopa ambayo hayakuwa na vumbi. Nilimtazama tu, kwa upendo.

Baadaye tulikaa juu ya godoro, mimi na Oliva, tukatafuna makopa yaliyochemshwa, zawadi ya Mama Felix. Nikamwambia nilitaka watu wajue ametoka kwao.

"Mimi nilitaka godoro na wewe, Mama. Basi."

Nikamwambia kabati nalo ni sehemu yangu. Akacheka mpaka akaegemea bega langu. Shingo yake ilinuka salfa. Sikusogea.

Jumatano, 17 Septemba

Masasi. Habari zimenitangulia, na mimi nimezinyoosha. Nyumba ilipatikana kwa sababu Kanta iliziba njia, pikapu isipite. Ilipangwa. Baba Oliva kauliza ilipangwa na nani. Nikamuuliza kama amekula.

Tena sasa natafutwa! Stella, binti wa Mama Felix, anaolewa Lukuledi Jumamosi ijayo. Mama Felix anataka gari la bibi harusi, zuri, la bei ya chini, na kaja kwangu mwenyewe kwa miguu yake kuniomba nimkagulie. Nikamwita Yassini. Ana gari dogo jeupe, la shemeji yake.

Asubuhi nimelikagua. Tairi nimegonga. Viti nimevinusa, safi, hakuna salfa hata chembe. Honi ni ya sauti ya juu, kama ya harusi hasa. Safari hii nimejifunza: nikamwambia aliendeshe mbele, halafu nyuma. Likarudi nyuma vizuri kabisa, nikapiga kigelegele.

Nilipomaliza, Yassini akafuta mikono kwa kitambaa kile kile. Akasema nisikilize vizuri, milango ya nyuma ya gari hili ikishafungwa haifunguki, si kwa ndani si kwa nje, mpaka aje fundi aing'oe. Bibi harusi akiingia hatoki.

Mtani wangu huyu! Lile la rivasi lilitokea kuwa kweli kwa bahati, sasa anaona ameniweza. Mtani hasemi kweli mara mbili. Nikamwambia bibi harusi wa Kimakua akishaingia kwa mume naye hatoki, kwa hiyo gari limefaa. Akaapa. Akaapa tena, akavua na kofia.

Nimecheka mpaka machozi. Mama Felix kauliza kama nina hakika. Nikamwambia nimelikagua mwenyewe.

Daraja la kwanza.