Bolti Tatu na Kiti cha Kinyozi

Jumatatu, 10 Juni 1963. Mahajanga.

Barua ya shemeji Zaïnabou imefika kutoka Hell-Ville, kisiwani Nosy Be. Atashuka bandarini Ijumaa. Anasema haiwezekani gari la marehemu dada yake lisukumwe na mtaa mzima kila asubuhi kama ng'ombe aliyegoma. Akilikuta linawaka kwa ufunguo, nibaki nalo. Akilikuta linasukumwa, litauzwa, na viti vya mbele atapewa Attoumane.

Attoumane ni jirani yangu, kinyozi. Anataka kiti cha dereva awakalishie wateja wake. Wiki iliyopita nilimkuta anakipima kwa kamba. Alisema anapima tu, kupima si kuchukua.

Kiti cha pembeni kilikuwa cha mke wangu Mariama. Ndani ya kisahani cha majivu aliweka iliki, maana kwetu hakuna mvuta sigara. Miezi saba sasa tangu afariki, na bado zinanukia. Gari haliuzwi.

Mpango: kubadilisha stata, ile mota ndogo inayoamsha injini, mwenyewe. Binamu Djaffar wa Nosy Be amenitumia nyingine, ameitoa kwenye gari lililogonga mnazi. Imesafiri ndani ya gunia lililobeba maua ya langilangi. Stata yenyewe inanukia kama bibi harusi. Imeshikwa na bolti tatu tu. Mtu mzima hashindwi na bolti tatu.

Haya nayaandika kwa Kiswahili alichonifundisha baba. Nyumbani tunasema Kikomoro, sokoni Kimalagasi, ofisini Kifaransa. Kwa hiyo Attoumane hawezi kuyasoma. Nilimwona akijaribu.

Jumanne, 11 Juni.

Chini ya gari mara baada ya alfajiri. Bismillahi, mkono wa kulia, spana kuelekea kulia. Ndivyo nilivyolelewa. Kiatu huanza cha kulia, mguu wa msikitini wa kulia, kila jema kulia. Bolti hazikutikisika. Kutu.

Attoumane akaja na mkeka, akaketi. Akauliza nazungusha upande gani. Nikamwambia kulia, kama Mwislamu yeyote. Alitupia jicho kiti cha dereva. Kisha akasema mashallah, endelea hivyo hivyo, fundi, usilegeze mkono. Sikutegemea wema huo kutoka kwake.

Baadaye spana ikagusa waya wa betri. Cheche! Vinyweleo vya mkono vimekwisha vyote. Attoumane akasema hata yeye hanyoi upesi namna ile. Nimechomoa waya wa betri. Kumbe ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza.

Jumatano, 12 Juni.

Nilizimwagia bolti mafuta ya taa asubuhi, nikaziacha zinywe mpaka adhuhuri. Kisha nyundo, taratibu, ili kutu ipasuke. Kisha nikavika mpini wa spana kipande cha bomba ili urefuke. Nikasukuma kulia kwa nguvu zangu zote. Bolti ya tatu ikasogea robo mzunguko! Nikamshukuru Mungu. Halafu ikakaza kuliko mwanzo.

Nilimuuliza Attoumane maana yake nini. Akasema ni dalili njema, chuma nacho hukaza roho kabla ya kukubali. Akaingia ndani ya gari kupumzika kidogo. Kwenye kiti cha dereva.

Alhamisi, 13 Juni.

Mgongo haukunjuki. Zimebaki saa ishirini na nne. Adhuhuri nilikuwa na wali mkavu bila kitoweo. Rafuni ipo chupa ya achari ya ndimu, ya mwisho aliyotengeneza Mariama. Sikuwahi kuifungua. Leo nikasema basi, hata yeye angenihurumia.

Nikaishika kwa leso yake, nikazungusha kulia. Wapi. Miaka kumi na tisa nilimpelekea yeye kila chupa. Alinipokonya akisema kufungua chupa si kuingia msikitini, geuza kushoto, baba. Nilicheka kila mara. Kumsikiliza, sikumsikiliza hata mara moja.

Nikageuza kushoto. Pap.

Nilikula nusu chupa, na machozi yakanitoka. Alitia pilipili nyingi. Nikiwa na tonge mkononi nikafikiri: chupa na bolti ni ndugu. Nikaacha sahani pale pale.

Kushoto! Ya kwanza ililia kama mlango wa zamani, ikatoka. Ya pili ikafuata. Ya tatu, ambayo jana niliikaza mwenyewe kwa bidii, ilitaka bomba, nyundo na dua ndefu. Saa tisa stata mbovu ilinidondokea kifuani. Sijapata kufurahia kipigo namna hiyo. Attoumane akakunja mkeka, akasema amekumbuka ana mteja. Kibandani kwake hakukuwa na mtu.

Stata ya Djaffar imeingia mahali pake, na bolti nimezikaza kulia. Waya wa betri nimeurudisha mwisho. Sijathubutu kujaribu ufunguo.

Ijumaa, 14 Juni.

Limewaka. Mara ya kwanza tu nilipozungusha ufunguo. Majirani walikuwa wamekwisha kukunja mikono ya mashati wasukume, wakabaki wamesimama.

Bandarini Zaïnabou aliketi kwenye kiti cha dada yake. Akafungua kisahani cha majivu. Akakifunga polepole. Akasema zima, shemeji, uwashe tena. Nikazima, nikawasha. Akasema tena. Mara ya nne alikuwa anafuta macho kwa ncha ya buibui, akilaumu vumbi la bandari. Kisha akasema twende nyumbani na gari lako.

Gari langu. Pumzi niliyoishusha ilisikika mpaka Amborovy.

Jumamosi, 15 Juni.

Kesho nimemwahidi Zaïnabou kumpeleka ufukweni Antsanitia akapunge upepo. Breki zinapiga mluzi. Yeye anataka nimwite fundi. Nimemwambia mtu aliyebadilisha stata haogopi breki, nitazifungua mwenyewe asubuhi.

Lakini wiki hii imenifunza jambo. Kazi ya gari haifai kufanywa peke yako. Nimekwenda kumwomba Attoumane aje anielekeze, naye amekubali kabla sijamaliza kusema. Siku mbili nzima alikaa kando yangu, na hakunikosoa hata mara moja. Watu wa aina hiyo ni wachache.